Msibani Watu Hukaa: Kauli Kuhusu Rambirambi za Walimu

Magaidi wanaposhambulia shule au chuo, salamu za rambirambi hufika kabla moshi haujatulia. Vyama vya walimu huandika, mabaraza ya vyuo vikuu huandika, idara za lugha huandika, na vyama vya wanafunzi kama hiki chetu navyo havibaki nyuma. Aghalabu barua hizo hufuata njia moja. Huanza kwa mshtuko, hupitia masikitiko makubwa, hulaani kitendo cha kinyama, kisha huhitimishwa kwa ahadi kwamba “tunasimama nanyi katika kipindi hiki kigumu”.

Ndugu msomaji, nina ugomvi na ahadi hiyo ya mwisho. Kwanza ni ugomvi wa lugha, maana kauli hiyo ni tarjuma ya sisisi iliyoingia katika barua zetu bila kubisha hodi. Hebu mwanafunzi wa Kiswahili ajiulize: ni wapi katika pwani yetu, au katika jamii yoyote ya Afrika Mashariki aijuayo, ambapo mtu huenda msibani akasimama? Msibani watu hukaa. Hukaa mkekani, hukaa chini ya mwembe, hukaa kwenye viti vya kukodi vilivyopangwa uani. Ndiyo maana tunasema kukaa matanga. Anayesimama mlangoni, akatoa pole na kugeuka, huyo ni mpita njia. Hatumlaumu, lakini pia hatumhesabu miongoni mwa waliofika.

Ugomvi wa pili ni mkubwa kuliko huo wa tarjuma, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Nashuku kwamba tumeazima neno hilo kwa sababu linaafiki mwenendo wetu. Kiswahili kina salamu za rambirambi, ambazo ni maneno. Kina ubani na mkono wa pole, ambavyo ni kitu mtu anachokuja nacho. Kisha kina matanga, ambayo ni muda: siku ambazo mtu anaacha shughuli zake ili awe pamoja na waliofiwa. Sisi walimu na wanafunzi wa ualimu tumeshika lile la kwanza, tena kwa ufundi mkubwa, na kuyaacha mawili yaliyosalia kwa familia za marehemu.

Mfano wangu mkuu hauko mbali. Upo Upper Hill, juu kidogo ya katikati ya jiji la Nairobi, katika kile kilima ambacho barabara zake zimepewa majina ya milima: Kilimanjaro, Elgon, Menengai. Leo Upper Hill ni mahali pa benki, kampuni za bima na majumba marefu ya vioo, pamoja na ubalozi wa Uingereza. Lakini kwa mwalimu wa Kenya, Upper Hill ina maana moja tu. Ni makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, yaliyo katika Barabara ya Kilimanjaro. Huko ndiko ajira zetu hutoka, na ndiko uhamisho huombwa na kukataliwa. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tumepita hapo na bahasha mkononi, au tutapita.

Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria waliteremshwa, wakatenganishwa kwa misingi ya dini, na watu 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu wengi. Shule zilikuwa zimefungwa, nao walikuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa katika machimbo karibu na mji huohuo wa Mandera. Shule zilipofunguliwa Januari 2015, mamia ya walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Wakaja Upper Hill, wakapiga kambi nje ya makao makuu ya Tume, wakaomba wahamishwe.

Tuitazame picha hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi. Hawa walikuwa wafiwa. Waliopigwa risasi kando ya barabara ya Mandera walikuwa wenzao wa chumba cha walimu, watu waliogawana nao chaki na vipindi. Nao walifanya lile ambalo wafiwa wetu hufanya siku zote: walikaa. Walikaa mahali pa wazi, penye kupita watu, wakisubiri kuona nani atakuja kukaa nao. Kwa hakika yalikuwa matanga, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Magazeti yaliyaita mgomo. Tume ilisisitiza kwamba walimu hao warudi katika vituo vyao vya kazi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwasubiri. Vyama vya walimu viliwatetea, na ni haki kulisema hilo. Lakini sisi wa vyuo vikuu tulio mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kilima hicho, pamoja na idara zetu za elimu na vyama vyetu vya lugha, tulikuwa wapi? Sizungumzii tamko. Nauliza ni wangapi waliopanda kilima wakiwa na chupa ya chai.

Miezi michache baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kilishambuliwa. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Maiti zililetwa katika hifadhi ya Chiromo, Nairobi, na wazazi wakakusanyika katika Uwanja wa Nyayo kusubiri habari. Safari hii ulimwengu ulisikia. Rambirambi zilimiminika kutoka kila bara. Shirikisho la vyama vya walimu duniani, Education International, lenye makao yake Brussels, lilikuwa miongoni mwa waliolaani. Papa Francis alipozuru Kenya mwezi wa Novemba mwaka huo aliitaja Garissa, pamoja na Westgate na Mandera, mbele ya viongozi wa dini jijini Nairobi. Sizibezi salamu hizo hata kidogo. Mtu aliyefiwa hufarijika kujua kwamba kilio chake kimesikika mbali.

Hata hivyo, katika yote yaliyofanywa baada ya Garissa, mawili ndiyo yaliyonigusa, na yote mawili hayakutoka ughaibuni. La kwanza ni lile la vijana wa Kenya waliokataa hesabu. Habari za mwanzo zilitaja waliofariki kuwa 147, nao wakaanza kuandika mitandaoni kwamba 147 si nambari tu, wakaweka majina, picha, kozi ambazo marehemu walisomea, na ndoto walizokuwa nazo. Bila kujua, walikuwa wakiirudisha tanzia katika umbo lake la asili. Tanzia ya Kiswahili, iwe ya shairi au ya redio, haijui kusema “watu kadhaa”. Humtaja marehemu kwa jina, kwa baba na mama, kwa kijiji na kwa kazi, na huwataja walio hai anaowaacha. Barua zetu za vyama ni tanzia zisizo na maiti.

La pili lilifanywa na Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kilikuwa chuo mama cha Garissa. Manusura walipelekwa Eldoret ili waendelee na masomo yao. Mamia ya vijana waliotoka mautini walipewa vitanda, madarasa na walimu. Huo ndio ninaouita ubani wa walimu. Mwalimu hana ng'ombe wa kupeleka msibani, wala gunia la mchele, lakini ana darasa, na darasa ndilo walilopokonywa waliofiwa. Garissa yenyewe ilifunguliwa tena Januari 2016, na waliorudi kufundisha na kusoma huko walitoa mchango ambao hakuna tamko linaloweza kuufikia.

Turudi Upper Hill, maana kilima hicho hakijaisha kutufundisha. Kutoka makao ya Tume si mbali kufika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Hapo ndipo alipolazwa Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya lile basi la kwanza, basi jingine lilitekwa katika kaunti ileile. Wavamizi walitaka tena Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Farah, naye Mwislamu, alikuwa miongoni mwao, akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016, na mwezi wa Machi Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku, akiwa marehemu, nishani ya OGW.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu watue kidogo. Mwalimu huyu alikuwa na nafasi ya kusimama pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri yenyewe: nyinyi simameni huku, wale wasimame kule. Yeye na wenzake walibaki pamoja na waliotakiwa kuuawa. Sidhani tunahitaji nadharia ngeni ili kueleza mshikamano wa walimu wakati tuna kisa hiki. Tena wageni walikiona kabla yetu. Wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi kama kazi yao ya kuhitimu, wakaipa jina la Kiswahili, “Watu Wote”, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wanafunzi wa Ujerumani walileta ubani kwa kazi ya mikono yao, kwa lugha yetu. Sisi tunaoisomea lugha hiyo hadi shahada za uzamili bado tunasimama nao.

Huenda mtu akasema kwamba wafasihi tumekwisha kulipa deni letu, akanikumbusha Kofi Awoonor. Ni kweli. Mshairi huyo wa Ghana, profesa aliyefundisha nyumbani kwao na Marekani, aliuawa Westgate tarehe 21 Septemba 2013, akiwa amekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi la Storymoja Hay. Waandishi wa Afrika waliomboleza kwa wingi. Mashairi yake yalisomwa, na mkusanyo wake, “The Promise of Hope”, ulitoka mwaka uliofuata. Awoonor alistahiki yote hayo na zaidi. Lakini alikuwa na jina kabla ya kufa. Mwalimu wa darasa la nne aliyeuawa kando ya barabara ya Mandera hakuwa na diwani, na katika msiba wake hapakuwa na mtu wa kusoma chochote. Ikiwa mshikamano wetu unawafikia tu wale ambao tayari tuliwasoma, basi tunaliomboleza rafu la vitabu.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Tunafundishwa shuleni kwamba maana yake ni kuwa msiba ukiwapata wengi huwa rahisi kuubeba. Nimeanza kuitilia shaka methali hiyo, angalau katika vifo vya ugaidi. Tazama Agosti 7, 1998. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu 213, wakati watu 11 wakiuawa Dar es Salaam siku hiyohiyo. Jengo la Ufundi lililokuwa kando ya ubalozi liliporomoka, na ndani yake mlikuwa na chuo cha uhazili. Wasichana waliokuwa wakijifunza kupiga chapa walifunikwa na saruji. Majeruhi wengi walipandishwa Upper Hill, Hospitali ya Kenyatta. Kila mwaka dunia hukumbuka ubalozi. Sisi walimu, tunapoorodhesha taasisi za elimu zilizoguswa na ugaidi katika Afrika Mashariki, huanza na Garissa, kana kwamba chuo cha uhazili si chuo. Kifo cha wengi kiligeuka harusi ya wakubwa, na wadogo wakabaki nje ya ukumbi.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita kimya kimya. Je, tukienda kukaa na walimu waliokimbia, hatuwaachi watoto wa Kaskazini Mashariki? Mtoto wa Mandera hakumwua mtu. Yeye pia alifiwa: alipoteza mwalimu kwa risasi, kisha akapoteza wengine kwa uhamisho. Walimu watatu walipouawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume iliwaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu za kaunti za eneo hilo, na wazazi wakalia kwamba shule zimebaki maganda. Walikuwa na haki ya kulia. Mimi binafsi siwezi kumwambia mwalimu arudi mahali ambapo mwenzake alichinjwa, hali nikiandika kwenye meza iliyo katika maktaba tulivu. Wala siwezi kumwambia mzazi wa Wajir kwamba hofu ya mwalimu ni jibu tosha kwa mwanawe asiye na mwalimu wa Kiswahili katika mwaka wa mtihani. Wote wawili wanakaa matanga, kila mmoja upande wake, na barua zetu huandikwa kana kwamba mfiwa ni mmoja. Tena huwasahau kabisa walimu wenyeji, wale wa Kisomali waliobaki na madarasa mawili au matatu kila mmoja. Hao pia walizika wenzao.

Wafaransa walikuwa na msiba wa namna hii, na wana jambo la kutuonyesha. Samuel Paty, mwalimu wa historia, aliuawa karibu na shule yake huko Conflans-Sainte-Honorine tarehe 16 Oktoba 2020. Shule zilipofunguliwa tarehe 2 Novemba, kimya cha dakika moja kilifuatwa nchini kote, na katika madarasa ikasomwa barua ambayo mwanasiasa Jean Jaurès aliwaandikia walimu mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Oktoba 2023, mwalimu wa fasihi, Dominique Bernard, aliuawa shuleni Arras, na taifa likaomboleza tena. Sisemi kila walichofanya Wafaransa ni cha kuigwa, maana siasa iliingia na walimu wenyewe walinung'unika. Ninachokisifu ni kwamba msiba uliingizwa darasani, ukapewa matini ya kusomwa, na mwanafunzi wa miaka kumi na miwili akajua kwamba mwalimu wake naye anaweza kuliliwa. Hapa kwetu, tungeulizwa tusome nini siku kama hiyo, tungekuwa na jibu gani? Tuna hazina ya tenzi na tungo za maombolezo ambayo hatujapata kuipeleka nje ya chumba cha mtihani.

Ninalolipendekeza si kubwa, na halihitaji mfadhili. Barua ya rambirambi ya chama chetu isiandikiwe “familia, jamaa na marafiki”. Iandikiwe mtu: mwalimu mkuu wa shule iliyoguswa, kwa jina lake, kwa Kiswahili ambacho angeweza kukisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wake. Iwataje marehemu, familia zikiridhia. Barua ya pili itumwe baada ya arobaini, wakati ambao waandishi wa habari wamekwisha kuondoka na upweke ndio unaanza. Nayo isije mikono mitupu. Wanachama tuko mamia, na kila mmoja wetu anaweza kurekodi vipindi vitano vya fasihi teule au sarufi kwa simu yake, vikapelekwa kwa shule iliyobaki bila mwalimu. Wahadhiri wanaweza kusahihisha insha za watahiniwa wa shule hiyo kwa muhula mmoja. Ikiwa walimu waliokimbia wako tena nje ya lango la Tume pale Upper Hill, wanachama walio Nairobi wapangiane zamu za kwenda kukaa nao. Hawaendi kama waandamanaji, wala hawahitaji mabango. Wanaenda kama waombolezaji.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni kazi ya serikali na ya vyama vya wafanyakazi. Serikali ina yake ya kufanya, na ulinzi wa mwalimu ni jukumu lake bila mjadala. Lakini hakuna jirani anayekataa kwenda msibani kwa hoja kwamba chifu atakwenda.

Tunaweza kuanza hata sasa, bila kungoja balaa jipya. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, katika wilaya ya Kasese, Uganda, mpakani na Kongo. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini. Mpondwe ni mji wa soko, na ng'ambo ya mpaka wake Kiswahili ndicho lugha ya kuuzia na kununulia. Ni shule iliyo ndani kabisa ya eneo la lugha tunayojidai kuiunganisha Afrika Mashariki. Naiomba kamati iliweke jambo hili katika ajenda za mkutano mkuu ujao. Barua ya kwanza iandikiwe shule hiyo, na wenzetu wa vyuo vya Uganda waombwe waifikishe kwa mkono, wakae angalau alasiri moja, kisha watuambie shule inahitaji nini.